Namna ya kupanga vioo, taa na sabufa kwenye fremu ya kinyozi

Fremu yangu iko Chikongola, hapa Mtwara mjini. Upana wake mita 3, kwenda ndani mita 4 na nusu, na mlango unatazama machweo. Huu ni mwaka wa tisa nanyoa humo. Mwanzoni nilidhani kioo ni pambo tu: unanunua kikubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, unakibandika mbele ya kiti, basi. Kioo kimoja kikaniunguzia taulo, kingine kikawachoma macho wateja wa kwenye benchi, cha tatu kikaota madoa meusi kabla mwaka haujaisha. Sabufa nayo ikanigombanisha na jirani. Kwa hiyo mengi ya haya nimeyajua kwa kubandika na kubandua. Sayansi ya shule ya msingi imo pia, na mpwa wangu wa kidato cha nne ndiye aliyenikumbusha nilipokuwa nimesahau.

Shika moja kwanza. Kioo hakina mwanga wake. Kinarudisha kile kilichokipiga, na kinakirudisha kwa pembe ileile, ila upande wa pili. Watoto wanaopiga mpira kwenye ukuta wa ghala wanalijua hili vizuri sana: ukiupiga mpira ukiwa umeukabili ukuta, unakurudia mguuni, ukiupiga mshazari, unamwendea mwenzako aliyesimama kule. Ndiyo maana kinyozi mpya akija kuniuliza anunue kioo cha ukubwa gani, namuuliza kwanza kitakuwa kinatazama nini.

Kabla hujatoboa ukuta

Weka kiti mahali kitakapokaa. Mkalishe mtu, hata mtoto wa jirani, lakini umwekee mto ili macho yake yafike usawa wa macho ya mtu mzima. Chukua kioo cha mkononi, kile cha kumwonyeshea mteja kisogo, ukibane bapa kwenye ukuta. Kisogeze pole pole, kushoto, kulia, juu, chini, na kila hatua muulize: unaona nini? Atakwambia: najiona kidevu. Naona balbu. Naona mlango. Naona miguu ya yule kaka kwenye benchi. Weka alama za chaki.

Njia ya mwanga ni ileile kwenda na kurudi. Nikiyaona macho yako kiooni, na wewe unayaona yangu. Basi pale mtu wako alipoona balbu, ujue balbu hiyo itampiga machoni kila mteja atakayekaa hapo. Alipoona sura ya mtu wa kwenye benchi, mtu huyo naye anamwona yeye, na wapo watu wazima wasiopenda kutazamwa wakiwa wamefungwa shuka shingoni na sabuni imejaa mashavuni. Dakika kumi za kazi hii zingeniokolea mashimo kumi na mawili ya drili.

Urefu wa kioo ndio unaobishaniwa kuliko yote. Kujiona kuanzia utosi hadi kidole cha mguu hakuhitaji kioo cha urefu wako. Nusu inatosha. Mimi nina sentimita 172 na macho yangu yako sentimita 160 kutoka sakafuni. Ukingo wa chini wa kioo unatakiwa uwe nusu ya urefu wa macho, yaani sentimita 80. Ukingo wa juu uwe katikati ya macho na utosi, yaani 166. Toa 80 kwenye 166 upate 86, na hiyo ni nusu ya 172 kamili.

Na kurudi nyuma hakusaidii. Kijana mmoja wa bodaboda tuliwekeana soda kwa hili. Yeye alishikilia kwamba ukirudi nyuma unaona na miguu. Nikamwambia asimame wima mbele ya kioo, aweke alama ya sabuni pale anapokiona kifungo cha mkanda wake, kisha arudi hatua tano bila kuinama. Akarudi. Alama ikawa bado iko juu ya kifungo. Akasogea tena mbele, akarudi tena, akasema kioo changu kina mchezo. Soda nilikunywa mimi.

Kwa kinyozi hesabu ina watu wawili, aliyekaa na aliyesimama. Kwenye kiti changu macho ya mteja huwa kwenye sentimita 118 hivi, naye anataka kujiona kuanzia magoti. Akisimama kujikagua, hata aliye mrefu kupita kawaida ajione. Kwangu imetosha kioo cha mita moja, kuanzia sentimita 80 hadi 180. Kabla ya hapo nilikuwa na cha mita mbili kilichoanzia sakafuni, na nusu yake ya chini ilikuwa inaonyesha nywele zilizoanguka na nyaya za soketi.

Jambo dogo la kuangalia: kisilale. Kioo kikiinama nyuzi 5 tu, unachokiona kinahama nyuzi 10, kwa sababu kila pembe unayokiinamisha mwanga unaihesabu mara mbili, ukija na ukirudi. Ndiyo maana kioo kilichoning'inizwa kwa kamba, kichwa kimetangulia mbele, kinakuonyesha tumbo badala ya uso.

Dukani na ukutani

Kioo cha milimita 3 ni rahisi kubeba na rahisi kujuta. Ukikifunga kwenye ukuta usionyooka, na kuta nyingi za fremu hazijanyooka, kinajipinda kuufuata, na mteja anaondoka na shavu moja limevimba. Nunua cha milimita 4 au 5. Kabla ya kulipa, simama mbali nacho kidogo, tafuta mstari ulionyooka ndani yake, kwa mfano fremu ya mlango wa duka, kisha yumbisha kichwa pole pole. Mstari ukicheza kama nyoka, mwachie mwenyewe.

Kinachoakisi kwenye kioo chetu cha kawaida si bilauri ile ya mbele, yaani kioo kitupu kisichopakwa kitu. Ni utando mwembamba wa madini ya fedha uliopakwa mgongoni, halafu ukafunikwa kwa rangi. Mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, ndiye aliyeonyesha mwaka 1835 namna ya kuipaka fedha hiyo kwenye bilauri kwa maji ya dawa. Gusa kioo kwa ncha ya kucha utaona kucha yako na kivuli chake hazikutani. Nafasi iliyobaki kati yake inaletwa na ule unene wa bilauri. Sasa mgongo huo ndio wenye maradhi. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na vikiingia kwenye ukingo uliokatwa vibaya vinaila fedha kuanzia pembeni kuja kati. Ndiyo madoa meusi hayo. Mwambie fundi wa vioo akupakie rangi kwenye ukingo baada ya kukata. Na kama unabandika kwa silikoni, inuse kwanza: inayonuka siki usiiweke nyuma ya kioo, ina asidi, itakula fedha ileile unayoilinda. Mimi siku hizi natumia vishikio vya skrubu, na naacha upenyo wa milimita kadhaa kati ya kioo na ukuta ili hewa ipite.

Jua la Juni na jua la Desemba

Kioo changu kiko ukuta wa kaskazini. Nilikipanga mwezi wa Juni, nikakaa jioni nzima kuangalia kama jua linakigusa. Halikukigusa. Nikajipongeza.

Ilipofika Desemba, kama saa kumi na mbili kasorobo jioni, benchi zima likaanza kufumba macho. Mmoja kajiziba kwa gazeti, mwingine kaegemea nje ya mstari, mtoto analia. Jua lilikuwa linaingia mlangoni, linapiga kioo mshazari, linamwagika kwenye benchi la nyuma. Mwenye kiti yeye hana habari.

Sababu ni kwamba jua halizami mahali pamoja mwaka mzima. Sisi Mtwara tuko nyuzi 10 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua linazama kama nyuzi 24 kaskazini ya magharibi halisi, kwa hiyo miale yake inaingia ikielekea ukuta wa kusini. Desemba linazama nyuzi 24 kusini ya magharibi, na miale inaugeukia ukuta wa kaskazini, palipo na kioo changu. Ukiwa na fremu inayotazama mashariki, mambo ni hayohayo, ila ya asubuhi. Usikipime kioo kwa jua la siku moja.

Dawa yangu haikugharimu kitu. Mlango wangu una mbao mbili. Miale inayokipiga kioo inapita upande wa kaskazini wa mlango, basi kuanzia Novemba hadi mwisho wa Januari ubao wa upande huo naufunga ikifika saa kumi na moja na nusu. Niliwahi pia kufanya ujanja wa kutega kipande cha kioo barazani ili kitupe jua kwenye dari wakati umeme umekatika. Dari ilikuwa kweupe, kazi ikaenda. Lakini jua linatembea, na mwanga uliokuwa darini saa nne, saa tano ulikuwa barabarani usoni kwa mtu wa pikipiki. Alisimama, akashuka, akaja. Sijarudia.

Taa

Hapa wengi wanaweka taa ili iangaze kioo. Kioo hakihitaji kuangazwa. Uso ndio unahitaji. Taa ikiwa nyuma ya mteja, uso wake unakuwa gizani na kioo kinamrudishia giza hilo, tena kikamwongezea na balbu ya kumchoma. Taa ikiwa juu ya utosi, anapata vivuli chini ya macho, anajiona mgonjwa, na mimi nakosea mstari wa ndevu. Weka taa mbili za mirija, zisimame wima pande zote mbili za kioo, usawa wa uso wa aliyekaa. Kila moja inafuta kivuli cha mwenzake.

Kuta zipake nyeupe isiyong'aa. Nyeupe nzuri inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga, lakini inautawanya kila upande, haurudi kwa mstari mmoja. Kuta zangu za mwanzo zilikuwa za buluu iliyoiva, rangi ya mafuta. Zilipendeza kwa picha. Ukiwasha taa, rangi inameza mwanga, halafu ule mng'ao wake unatoa vioo vidogo vidogo vya balbu kila pembe.

Vioo viwili vinavyotazamana nilikuwa navyo pia, na watoto walivipenda: kichwa ndani ya kichwa, hadi mwisho usioonekana. Kioo kizuri kinarudisha kama asilimia 90 ya mwanga. Ukigonga mara kumi inabaki karibu theluthi, ndiyo maana vichwa vya mbali vinafifia, na vinageuka kijani kwa sababu ya chuma kidogo kilichomo kwenye bilauri. Kwa kazi yangu havikufaa kitu. Mteja anaangalia vichwa kumi na anakuuliza kipi umekinyoa. Kioo cha mkononi kinatosha kwa kisogo, na kile cha ukuta wa kusini nikakiuza. Ukuta huo ulikuja kupata kazi nyingine, nitaieleza.

Mlango wa bilauri ulio nyuma ya zile mbao nao ni kioo ukifika usiku. Bilauri tupu inarudisha kama asilimia 8 ya mwanga unaoipiga. Mchana huoni, kwa sababu mwanga wa nje ni mwingi na unaizidi hiyo nane. Usiku nje kuna giza, ndani taa zinawaka, nane hiyo inabaki peke yake. Kijana wangu wa kazi alikuwa akijichana na kujipiga pozi mbele ya mlango huo kila saa moja jioni, akijua anajitazama. Nje kwa muuza mishikaki walikuwa wanamsubiri kama wanavyosubiri taarifa ya habari.

Na kile kilichoniunguzia taulo ni kioo cha kunyolea ndevu, kilichobonyea kati, kinachokuza uso. Nilikiacha rafuni karibu na mlango, jua la alasiri likakikuta. Kioo kilichobonyea kinaikusanya miale yote mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa na taulo. Tundu la ukubwa wa sarafu, na moshi. Ukitaka kujua chako kinakusanya umbali gani, kielekeze juani, utupe mwanga kwenye ukuta, usogeze hadi doa liwe dogo kabisa; usilitazame kwa muda. Changu ni sentimita 40. Uso ukiwa karibu zaidi ya hapo unajiona mkubwa, umesimama. Ukirudi nyuma kupita mara mbili ya umbali huo, unajiona kichwa chini. Kifunike kwa kitambaa kila unapomaliza. Kile kilichobinuka, kama cha pikipiki, hakina hatari hiyo. Kinapunguza vitu na kuonyesha eneo kubwa, nami nimefunga kimoja kwenye kona juu nione nani kaingia nikiwa nimeinama.

Sasa sauti

Kuna mzee mmoja, mstaafu wa bandari, huja kila baada ya wiki mbili kupunguza ndevu. Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kuweka marumaru chini na jipsamu juu, najivuna. Nikamwamkia, akaitika marahaba, nikamkalisha, nikawasha mashine na redio. Akatulia kidogo.

"Mwanangu, humu ndani siku hizi maneno yanagongana."

Nikacheka, nikadhani ni masikio ya uzee. Alipoondoka nikapiga kofi moja katikati ya fremu tupu. Badala ya *pa*, nikasikia *trrr*, kama kiti cha chuma kinachoburutwa.

Mpwa wangu ndiye aliyenifungua hapa, na nikiri kuwa hili ndilo lililonipendeza kuliko yote. Kwa nini ukuta wa plasta unarudisha mwanga lakini hauonyeshi uso? Kwa sababu wimbi la mwanga ni dogo mno, halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa wimbi hilo chembe ya mchanga ni mlima. Mwanga unagonga milima na kutawanyika. Wimbi la sauti ni kubwa. Kwa joto letu la nyuzi 30, sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde. Besi ya hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, ina wimbi la mita 3 na nusu, refu kuliko upana wa fremu yangu. Sauti nyembamba ya hezi 3,500 ina wimbi la sentimita 10. Kwa mawimbi hayo chembe ya mchanga haipo kabisa. Ukuta uleule unaoutawanya mwanga, kwa sauti ni kioo. Hata kuta za mawe ya matumbawe za nyumba za zamani kule Mikindani, ambazo ukizipapasa zinakukwaruza, kwa besi ni laini kama bilauri.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nimeketi ndani ya sanduku la vioo sita: kuta nne, marumaru, jipsamu. Kofi linatoka ukuta hadi ukuta, mita 6 kwenda na kurudi, mara 58 kwa sekunde. Si mwangwi. Mwangwi ule wa kukuitikia wazi unataka sauti ichelewe kama sehemu ya kumi ya sekunde, na hiyo inahitaji ukuta ulio mbali mita 17 au zaidi. Ukitaka kuusikia, nenda Jumapili kwenye ghala kubwa lisilo na malori, pima mita 50 kutoka ukutani, upige kofi. Kisha piga makofi mfululizo, kila kofi jipya liangukie juu ya mwitikio wa lililopita, mwenzako ahesabu kwa simu: vipindi kumi vinachukua karibu sekunde 2.9. Sisi tulijaribu tukakaribia hapohapo, ingawa mlinzi alitaka kujua tunashangilia nini. Wavuvi wenye mashine ya kupima kina wanafanya hesabu hiyohiyo chini ya boti, ila majini sauti inakwenda mita 1,500 kwa sekunde. Mlio ukirudi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, kina ni mita 75.

Kwenye fremu ndogo, mirudio inarudi upesi mno sikio lisiweze kuitenganisha. Inalundikana juu ya neno linalofuata. Mtu anaongeza sauti asikike, redio inaongezwa ishinde mtu, na jioni koo linauma.

Kosa langu la kwanza lilikuwa trei za mayai. Nilizikusanya kwa wauza chipsi hadi zikafika arobaini, nikazigundisha ukutani. Niliona picha zake, studio zote za mtaani zinazo. Hazikufanya la maana. Ni karatasi nyembamba, na vinundu vyake ni vya sentimita chache. Wimbi la mita 3 na nusu linavipita bila kujua vipo. Zilipunguza ukali kidogo tu wa sauti nyembamba, zikawafuga mende wengi.

Kinachomeza sauti ni kitu kinene chenye vitundu vinavyopitisha hewa. Hewa inaingia, inasuguana humo ndani, nguvu yake inaisha kuwa joto kidogo sana. Kipimo ni mdomo wako: ziba midomo yako kwa kitambaa, upulize. Pumzi ikipita, sauti nayo itaingia. Isipopita, umenunua ukuta mwingine. Kwa kipimo hicho kanga moja iliyobandikwa bapa ukutani pumzi inapita, lakini ni nyembamba, haina pa kuimeza sauti. Pazia zito lenye mikunjo, limeachiwa nafasi kutoka ukutani, linafanya kazi.

Mimi nilitumia usumba. Minazi tunayo, na usumba wa kujazia magodoro bado unapatikana. Nilitengeneza fremu nne za mbao, kila moja sentimita 60 kwa 120, kina inchi 3. Usumba uchambue kwa mkono hadi ufunguke, uujaze bila kuushindilia, maana ukiushindilia unaziba njia za hewa. Nyuma piga vipande vya mbao vya kushikilia, visiwe vingi. Mbele funika kwa gunia la korosho lililofuliwa na kukauka juani. Gunia linapitisha pumzi vizuri. Usilipake rangi ya mafuta hata ukishawishika. Ning'iniza ukiacha sentimita 5 kati yake na ukuta, nafasi hiyo inaongeza umezaji bila gharama. Kaa mbali na soketi na taa, usumba unashika moto upesi. Na kila Jumatatu uzitoe nje uzikung'ute, nywele zinajificha humo.

Swali likawa zining'inizwe wapi. Ndipo kioo cha mkononi kikarudi kazini. Kaa kwenye kiti cha mteja. Mwenzako abane kioo bapa ukutani na kukitembeza, kama mlivyofanya mwanzo. Pale unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti yake inagonga kabla ya kukufikia, kwa sababu sauti nayo inarudi kwa pembe ileile iliyojia. Weka alama, ning'iniza hapo. Rudia ukiwa umekaa kwenye benchi. Kwangu alama nyingi ziliangukia ukuta wa kusini, pale nilipokuwa nimekiondoa kile kioo cha pili. Ukuta wenye kioo siwezi kuufunika, basi unaokabiliana nao ndio ubebe mzigo. Tatu nikazipeleka huko, moja nyuma ya benchi. Gunia lina rangi ya udongo na linameza mwanga pia, hivyo moja iliyo karibu na taa nililibadilisha gunia kwa kitenge cheupe-cheupe, baada ya kukipuliza dukani mbele ya muuzaji aliyeniangalia vibaya.

Besi haikutii hayo yote. Kwa wimbi refu namna ile, inchi 3 za usumba ni chache. Kilichosaidia ni kuitoa sabufa kwenye kona. Kona ina kuta mbili na sakafu, zote tatu zinairudisha besi mbele, na wewe unadhani sabufa yako ni hodari. Niliisogeza pembeni ya benchi, mbali na kona, juu ya vipande vya tairi kuukuu. Ngurumo ikapungua, maneno ya wimbo yakaanza kusikika.

Jirani yangu, mama fundi cherehani wa upande wa kusini, yeye alisubiri ukimya. Nikamweleza kwamba fremu za usumba zinazuia sauti kurudi kwangu, haziizuii kupita ukutani kwenda kwake. Kwa hilo ingebidi kuongeza ukuta mzito. Akanisikiliza hadi mwisho. "Baba, hayo yote sawa. Punguza redio." Nikaweka alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti, tukakubaliana isipite hapo kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mzee wa bandari alipokuja tena hakusema kitu. Alikaa, akanisimulia habari ya meli moja ndefu toka mwanzo hadi mwisho, na mashine inanguruma shavuni, bila mimi kumwambia "ati?" hata mara moja. Nikipiga kofi sasa nasikia *pa*, na mkia mfupi unaotoka juu. Hiyo ni jipsamu. Inataka fremu nyingine tatu za kuning'inia, nazo zinasubiri Oktoba na Novemba, korosho ziuzwe, watu wapate hela za kunyolea.